Pomboo wamekwama pwani na bado wanapumua: cha kufanya kabla maji hayajarudi

Ijumaa tarehe 28 Aprili 2006 watu wa Nungwi na Kendwa, kaskazini Unguja, waliamka wakakuta pomboo wamelala pwani, si mmoja si wawili, zaidi ya 400, wametapakaa mchangani kwa kilomita kama nne na wameshakufa. Wataalamu wa bahari walipowapasua wakakuta matumbo matupu, ila hawakufa kwa njaa wala kwa sumu, ikaonekana walipotea njia wakahangaika mpaka wakaishia maji mafupi. Wengi wanaikumbuka siku ile kwa nyama, manake kuna watu walibeba. Mie naikumbuka kwa kitu kingine, najiuliza hivi wangekuwa hai asubuhi ile tungefanya nini? Na jibu nalijua kwa sababu nimeliona kwa macho yangu: tungewavuta. Tungeshika mkia tukavuta kwa nguvu zote na kwa nia njema kabisa, na tungewaua.

Huku kwetu mashariki ya kisiwa sisi watu wa mwani tunashuka pwani wakati wa bamvua, maji yakipwa yanakwenda mbali kule karibu na mwamba, unatembea nusu saa hujalowa magoti. Siku moja tukamkuta pomboo kwenye dimbwi katikati ya vigingi vya mwani, kalalia ubavu, maji hayamfiki hata nusu ya mwili. Mie nilikuwa wa kwanza kumfikia, nikavua kanga yangu ya juu nikailowesha nikamfunika kichwa chote nikidhani namkinga na jua. Bi mkubwa mmoja akaja mbio akaivuta ile kanga, "Mwanangu unamziba pua! Pua yake iko hapo juu, huoni?" Na kweli, palepale utosini tundu likafunguka likatoa pumzi moja nzito, puuh, ya moto, halafu likajifunga kama kope la jicho. Sijasahau mpaka leo. Tukawa tunammwagia maji vizuri tu, ila wakaja vijana na kamba wakamfunga mkiani wakamburura kinyumenyume juu ya mawe na mchanga mpaka kwenye mkondo, akaelea, watu wakashangilia. Asubuhi ya pili alikuwa pwani tena, kafa, ngozi ya mkia imechubuka kabisa na pezi moja limekaa vibaya. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, hatukujua.

Toka hapo nimekuwa nauliza kila mtu wa bahari ninayekutana naye, na nasoma sana habari za wenzetu wa New Zealand na Australia ambako mambo haya yanatokea mara kwa mara mpaka wana watu wa kujitolea waliofundishwa kabisa. Nayaandika hapa kwa ajili ya mtu atakayekuwa pwani siku hiyo, iwe Jambiani, Mafia, Kilwa, Watamu au Lamu, kwa sababu saa mbili za mwanzo hakuna mtaalamu, kuna wewe na majirani zako.

Jambo la kwanza la kuelewa, pomboo na nyangumi si samaki. Anavuta hewa kama mimi na wewe, kwa hiyo kuwa nje ya maji hakumnyimi pumzi, na ndo maana una muda. Hafi kwa dakika tano kama samaki changu. Kinachomuua ni uzito wake mwenyewe na joto. Baharini maji yanambeba, akiwa mchangani mwili mzima unalalia mapafu na misuli, na misuli ikibanwa saa nyingi inaharibika inamwaga vitu kwenye damu ambavyo vinakwenda kuua figo, ndo maana mwingine anarudishwa baharini anaonekana mzima halafu siku ya pili anakufa. Na joto, chini ya ngozi ana tabaka la mafuta kama mtu aliyevaa koti, sasa mtu aliyevaa koti ukimlaza kwenye jua la saa saba mchana pwani ya Unguja unategemea nini? Wenzetu wa Tasmania, Australia, mwaka 2020 waliweza kuokoa nyangumi siku kadhaa baada ya kukwama kwa sababu kule kuna baridi na wengi walikuwa nusu majini. Sisi hatuna siku kadhaa, jua letu linaua haraka, kwa hiyo huku kwetu maji na kivuli ndo dawa ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiwaona tu, piga simu. Zanzibar anza na sheha (kiongozi wa shehia) na watu wa uvuvi, Tanzania bara afisa uvuvi au watu wa hifadhi za bahari, Kenya KWS (shirika la wanyamapori), na kila mahali kamati ya wavuvi au BMU (kikundi cha kusimamia pwani) ya hapo kwenu. Namba hizo uwe nazo kwenye simu kabla, usianze kuzitafuta pwani na chaji asilimia nne. Watakuuliza wako wapi hasa (tuma lokesheni), wangapi, wangapi hai, urefu wao kwa kukadiria, maji yanajaa au yanapwa. Piga picha na uweke kitu pembeni, ndoo au mguu wa mtu, ili aliye mbali ajue ukubwa. Lakini jamani usiirushe kwenye magrupu yote ya WhatsApp saa hiyohiyo, kwa sababu saa moja baadaye utakuwa na watu mia tano na bodaboda pwani wanapiga selfi, na pomboo anasikia kelele kuliko unavyodhani, hofu peke yake inampunguzia nguvu.

Halafu chagueni mtu mmoja wa kusema. Mmoja. Awe nahodha mzee au mwalimu au nani, ila kila mtu amsikilize yeye, na awepo mwingine kazi yake ni kuzuia watu na mbwa, kamba ifungwe mita kama ishirini kutoka kwa wanyama. Watoto wasaidie kuchota maji mbali na mkia. Mkia huo mmoja wa pomboo unakuvunja mguu, wa nyangumi unakuua, na hafanyi kwa hasira, anajitikisa tu. Usipite nyuma yake wala usiinamie kichwa chake, pumzi yake ina vijidudu ambavyo vinaweza kukudhuru, kaa upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwake. Wenye glavu wavae. Mwenye kidonda mkononi na mama mjamzito wakae kwenye kupanga ndoo, wasiguse.

Sasa mnyama mwenyewe. Kama kalala ubavu, mrudishe alalie tumbo, taratibu, watu wanne watano wakipiga magoti upande wa mgongo wengine upande wa tumbo, shikeni mwili na siyo mapezi. Pezi la ubavuni lina mifupa ndani kama mkono wa mtu, ukilivuta unalitegua begani, kwa hiyo kabla ya kumgeuza likunjeni lilale kwenye mwili wake. Akishakaa sawa chimbeni shimo chini ya kila pezi la ubavuni ili lining'inie lisibebe uzito, na shimo likijaa maji ndo vizuri zaidi kwa sababu damu ya kwenye mapezi ndo inayotoa joto la mwili. Chimbeni kwa mikono au koleo kwa uangalifu. Hii kazi ya kuchimba watu huwa wanaiona ndogo wanaikimbia wanataka kusukuma, mie nasema ukiwa na watu kumi kila mnyama apate wawili wa kuchimba kabla ya mtu yeyote kufikiria kusukuma.

Kanga, vitenge, shuka za rangi nyepesi, loweka na umtandike mgongoni, acha tundu la pumzi wazi kabisa na usilikaribie na nguo, acha macho pia. Mapezi na mkia vipate maji mengi. Mwagia maji ya bahari bila kuacha, kwa sababu nguo ikikauka inageuka blanketi inamtia joto badala ya kumpoza, bora asiwe na nguo kuliko nguo kavu. Ukimwagia karibu na kichwa subiri apumue, tundu likishajifunga ndo unamwaga, tena pembeni, ukimwaga likiwa wazi maji yanaingia mapafuni moja kwa moja. Mchanga pia usiingie. Tungikeni turubai au tanga la ngalawa juu yake kwenye makasia mpate kivuli. Usimpake mafuta yoyote, si ya nazi si losheni ya jua ya watalii.

Mmoja akae ahesabu pumzi, hiyo ndo namna ya kujua hali yake. Pomboo aliyetulia anapumua mara mbili mpaka tano kwa dakika, akipita kumi huyo kabanwa sana, sogezeni watu, ongezeni maji, punguzeni kelele. Nyangumi mkubwa anaweza kukaa dakika nyingi bila kupumua, usikimbilie kusema kafa.

Hapa sasa ndo kwenye kazi kubwa, maji ya bahari yenyewe. Muulize mvuvi yeyote atakwambia maji yatajaa saa ngapi, yanatoka kupwa mpaka kujaa saa sita na kidogo, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Lakini swali la muhimu zaidi ni je, maji yajayo yatafika pale walipolala? Ile Ijumaa ya Nungwi mwezi ulikuwa umetoka kuzaliwa usiku wa kuamkia siku hiyo, yaani bamvua, maji yanapanda juu sana na yanashuka mbali sana, na ndo siku mbaya kwa kundi lililopotea manake linaingia na maji mengi halafu maji yanakimbia chini ya tumbo lake. Bamvua ikiwa bado inapanda, maji ya kesho yatakuwa marefu kidogo kuliko ya leo, mna nafasi. Ikiwa imeshapita kilele na walikwama juu kabisa kwenye mstari wa takataka za bahari, kila maji yanayokuja yatakuwa mafupi zaidi mpaka mfike maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, hapo msikae kusubiri, itabidi wabebwe kwenda chini mapema. Hesabu hii hamhitaji mtaalamu kutoka nje kuifanya, wazee wetu wanaifanya kichwani.

Kumbeba pomboo inawezekana, wa kwetu anafika kilo mia mbili hivi. Kunja turubai nusu, litoboeni hilo turubai matundu mawili ya kupitisha mapezi ya ubavuni kama mna kisu, mviringishe kidogo upande mmoja lipite chini yake kisha upande wa pili, halafu watu wanane mpaka kumi wanyanyue pamoja kwa hesabu, kichwa kikitangulia baharini. Akiwa ndani ya turubai anyanyuliwe, asiburutwe. Wale nyangumi weusi wenye kichwa cha mviringo wanaokwama sana New Zealand wana tani moja mpaka tatu, hao hawabebwi na watu, wanasubiri maji au wanahitaji mikanda mipana na boti. Na nyangumi mkubwa kama hawa wanaopita kwetu kuanzia Julai mpaka Oktoba wakitoka kusini kuzaa, akikwama mzima mzima kazi yenu ni maji na kivuli na kuzuia watu, basi, msijaribu kumsukuma.

Kosa linalokuja baada ya kamba ya mkiani ni kumwachia mmojammoja. Hawa wanyama ni ukoo. Ukimrudisha mmoja na wenzake bado wanalia mchangani, atageuka arudi, hata awe na nguvu zote. Februari 2017 kule Farewell Spit New Zealand walikwama nyangumi weusi zaidi ya 400 kwa pamoja na wengi walishakufa walipokutwa, watu wa kujitolea wakafanya kazi mchana kutwa wakarudisha wengi baharini, na baadhi wakarudi kukwama tena, mpaka watu wakasimama majini wameshikana mikono mstari mrefu kuwazuia wasiingie. Kwa hiyo maji yakianza kuwafikia kila mmoja ashikiliwe na watu wake, wakae wima, tundu la pumzi juu ya maji, na msubiri wote waelee. Walete karibukaribu, mama na mtoto wake wawe ubavu kwa ubavu, ukiona mdogo mtafutie mkubwa anayemwitikia, utasikia wanapigiana mluzi.

Akielea usimwachie hapohapo. Amelala saa nyingi, kizunguzungu kimemshika, misuli imekufa ganzi, ukimwachia anapinduka tundu linaingia maji anazama mbele ya macho yako. Mshikeni mumyumbishe taratibu kushoto kulia, nusu saa au zaidi, mpaka muone anajiweka sawa mwenyewe na mkia unapiga vizuri na anatoka juu kupumua bila kusaidiwa. Kazi hii inachosha, majini kiunoni mgongo unauma, pokezaneni. Wakishakuwa tayari wote nahodha wenu aseme, muwaachie kwa pamoja wakiwa wameelekea nje, halafu watu wafanye mstari majini nyuma yao na mashua au boti zikae pembeni, injini polepole, wasiwakimbize, wawazibie tu njia ya kurudi. Wakizama na kuondoka bado mtu abaki pwani, maji mawili yajayo yote yaangaliwe, na kilomita kadhaa kulia na kushoto, hata usiku.

Nikirudi nyuma kidogo, ukiwahi kuwaona wakati bado wanaogelea lakini wamejazana kwenye maji mafupi, wanazunguka hawatoki, hapo ndo mahali pa kuokoa wengi kwa kazi ndogo. Juni 2024 Wellfleet, Cape Cod, Marekani, pomboo zaidi ya 100 walikwama kwenye ghuba yenye matope, na maji yalivyorudi watu wakatembea majini na boti ndogo zikawaswaga kwenda kwenye kina, na wengi sana waliokoka. Sisi tuna ngalawa na mitumbwi kila kijiji. Pangeni nusu duara upande wa pwani, pigeni ubavu wa chombo kwa makasia, songeni polepole. Msiwazunguke pande zote, waachieni mlango wa bahari.

Kuna siku wanyama watakuwa wengi kuliko watu. Hapo anza na walio hai wenye nguvu na walio karibu na maji, anayepumua kwa shida na kutoa damu mdomoni mpe kivuli na maji ila usimpe watu kumi wakati wenzake watano wanaweza kupona. Inauma, najua. Na kuna siku ambayo daktari wa wanyama atasema bora wapumzishwe, kama Cheynes Beach, Australia, Julai 2023, walikwama nyangumi 97 hivi, zaidi ya nusu wakafa usiku, waliobaki wakarudishwa kwenye kina wakarudi tena pwani, ikabidi wauawe kwa huruma. Visiwa vya Chatham, New Zealand, mwaka 2022 hawakujaribu hata kuwaelesha kwa sababu papa wakubwa wako pale na mtu angeweza kuliwa. Uamuzi huo ni wa wenye mamlaka na utaalamu, usiufanye wewe na panga lako. Na bahari ikichafuka au giza likiingia tokeni majini, hakuna pomboo anayestahili mama wa mtu azame.

Waliokufa. Msile. Sizungumzii halali na haramu, hilo waulizwe mashehe, nazungumzia kwamba hujui kilichomuua. Anaweza kuwa na ugonjwa unaohamia kwa watu, na pomboo wanakusanya zebaki mwilini, na nyama iliyolala juani saa sita ni sumu hata ingekuwa ya ng'ombe. Mwacheni mpaka wataalamu waje, kwa sababu mwili ndo ushahidi pekee wa sababu. Kule Madagascar mwaka 2008 walikwama kama mia ndani ya ghuba ya Loza, jamaa wa pomboo ambao kawaida hawaingii maji mafupi, na kwa sababu watu walikusanya taarifa vizuri jopo la wataalamu liliweza kusema mwaka 2013 kwamba kinachoelekea zaidi ni mtambo wa sauti wa meli iliyokuwa inapima sakafu ya bahari kwa ajili ya utafutaji wa mafuta. Bila taarifa ingebaki hadithi. Kwa hiyo pima urefu toka ncha ya mdomo mpaka kwenye mchano wa katikati ya mkia, piga picha kichwa, meno, pezi la mgongoni, tumbo na kila jeraha, andika saa na mahali. Mwili ukianza kuvimba kaa mbali, Farewell Spit walilazimika kufunga pwani na kutoboa mizoga kwa visu ili gesi itoke kwa sababu ingeweza kupasuka.

Mkimaliza ogeni kwa sabuni wote mlioshika, hata kama hamna kidonda, na mtu akipata homa au kidonda kisichopona wiki zinazofuata amwambie daktari wazi kwamba alishika pomboo. Kanga mlizotumia zifuliwe peke yake, zichemshwe, zianikwe juani.